Kankavati na Miezi ya Kaskazi

Katika vyombo anavyokwenda navyo bibi arusi wa Kihindu wa Gujarat nyumbani kwa mumewe, kimo kimoja kidogo, cha kuweza kufichika kiganjani. Kwa Kigujarati huitwa kankavati, yaani chombo cha kanku. Na kanku ni ule unga mwekundu tuliozoea kuuona kwenye paji la uso la mwanamke wa Kihindu aliyeolewa, au katika njia ya nywele zake. Penginepo Bara Hindi unga wa kwenye nywele huitwa sindur na kikopo chake sindurdani, na huko Bengali bibi arusi hukishika cha kwake mkononi sherehe inapoendelea, mfano wa mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Vipo vya shaba, vipo vya fedha, vipo vya mti uliokerezwa na kupakwa lakeri za rangi kama wafanyavyo mafundi wa Kutch. Umbo laweza kuwa la embe, la tausi au la kuba la hekalu, na mara nyingine upande wa ndani wa kifuniko hutiwa kioo. Kazi ngumu ya fundi imo katika kifuniko: kikibana mno unga humwagika wakati wa kufungua, kikilegea unga huingia unyevu na kushikamana.

Wengi wameviandika vikopo hivi kama mapambo, na kwa hakika ni mapambo mazuri. Mimi vinanisumbua kwa sababu nyingine. Alama ya ndoa ikikaa mwilini mwa mtu mmoja, na uhalali wake ukategemea pumzi za mtu mwingine, alama hiyo ni mali ya nani? Na pumzi hizo zikikatika, ni nani mwenye haki ya kukifunga kikopo?

Huenda msomaji wa visiwani akastaajabu swali hili likitoka Nanyamba. Nanyamba ni mji wa korosho, juu ya uwanda wa Wamakonde, katika njia ya kutoka Mtwara kwenda Tandahimba na Newala. Hausifiki kwa mahekalu. Lakini uwanda huu haukuwahi kuwa mbali na India kama ramani inavyodai. Korosho zetu ghafi kwa miaka mingi zimepakiwa melini kupelekwa huko. Kabla ya korosho ulikuwako mpira wa msituni, na sandarusi, na ufuta, na pamoja na vyote hivyo pembe za ndovu zilizotoka bara ya Ruvuma. Mali hiyo iliteremshwa hadi Mikindani, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maghala yao, na nyumba za zamani zenye roshani zingalipo za kushuhudia. Kutoka hapo ilikwenda Unguja, na kutoka Unguja ikenda Kutch na Bombay. Hata ushuru wa forodha wa Sultani, kwa miaka mingi ya karne ya 19, ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch. Kwa hiyo mtu aliyechimba sandarusi huku juu alikuwa akifanya kazi, pasi na kujua, katika uchumi ambao upande wake wa pili ulikuwa na wanawake wenye vikopo vya unga mwekundu.

Nasema upande wa pili kwa sababu Wahindu wale walikuja peke yao. Hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa nadra sana kwa mfanyabiashara wa Kihindu kuja na mkewe katika pwani hii. Kuvuka bahari kulihesabiwa najisi katika matabaka mengi. Mwanamume aliweza kutakaswa arudipo, mke akabaki. Wasafiri wa Kizungu waliopita Unguja katikati ya karne hiyo waliliona jambo hili wakaliandika. Sisi Waswahili tulimwona Baniani dukani, tukamtungia methali ya ubaya wake na kiatu chake. Kiatu tulikiona. Kikopo alichokiacha Mandvi, juu ya rafu karibu na kioo, hatukupata kukifikiria.

Tukianza na unga wenyewe, kanku iliyo safi hutokana na vitu viwili ambavyo havina wekundu wowote. Manjano, ambayo kila mama wa pwani anayo jikoni, yakichanganywa na chokaa, ndugu wa ile ya tambuu, hugeuka mekundu mbele ya macho. Sindur ya kale ni jambo jingine: ilipatikana kwa madini ya zebaki, na ile ya rahisi kwa risasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walitangaza kwamba sampuli nyingi za sindur walizopima, zilizonunuliwa Marekani na India, zilikuwa na risasi ndani yake. Nalitaja hili nisije nikadhaniwa nausifu kila unga mwekundu.

Siku ya arusi bwana arusi ndiye humtia mkewe alama ile, kwa mkono wake, mbele ya moto na mbele ya watu. Hapo ndipo wapiga picha wanapojazana, na hapo ndipo simulizi nyingi zinapokomea. Asubuhi ya pili hakuna mpiga picha. Mwanamke ameoga, amekaa, amekifungua kikopo, amechovya ncha ya kidole, amejitia mwenyewe. Asubuhi ya tatu vivyo hivyo. Unga hauchanjwi wala haugandi. Jasho huuondoa, maji huuondoa, usingizi huupangusa kwenye mto. Kwa hiyo lazima urudiwe. Mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka 30 amekifungua kikopo chake karibu mara 11,000. Mumewe ametia mara moja.

Hesabu hii naiona kuwa ndiyo siri ya chombo hiki. Ingekuwa alama ya ndoa ni ile ya siku ya arusi pekee, kikopo kisingehitajika. Kiasi cha unga kingefungwa katika jani na jani likatupwa. Kikopo kipo kwa ajili ya kesho. Ni ushahidi wa shaba kwamba kinachofanywa na mume kama tukio hufanywa na mke kama kazi. Ahadi ilitamkwa na wawili, lakini anayeiandika upya kila kunapokucha ni mmoja. Mimi nashika mizani ya kawaida, ile tunayoitumia shambani: mkorosho ni wa nani, wa aliyechimbia mche siku ya kwanza watu wakashangilia, au wa aliyepalilia miaka 30? Kwa uchache wana ubia.

Lakini mila haikuhesabu hivyo. Mwanamke mwenye mume aliye hai huitwa kwa heshima saubhagyavati, yaani mwenye bahati njema, na katika barua na kadi za Kigujarati jina lake hutanguliwa na dua kwamba bahati hiyo isikatike. Akifiwa, jina lake hutanguliwa na neno gangaswaroop, mwenye sura ya Ganga, mto mtakatifu. Ni neno la heshima kubwa, na ndani ya heshima hiyo hamna rangi. Kwa desturi ya zamani kanku ilipanguswa usoni mwake, bangili zikavunjwa, na mangalsutra, ule mkufu wa ndoa, ukaondolewa shingoni. Mara nyingi waliofanya hayo walikuwa wanawake wenzake, baadhi yao wajane waliokwisha kufanyiwa. Toka siku hiyo hakutazamiwa kusimama mbele katika arusi ya mtu, hata ya mwanawe. Siyo kila jamaa ilifanya haya, wala kila tabaka, na leo wako wengi walioyaacha. Lakini yalifanywa vya kutosha hata yakapigiwa kelele na Wahindu wenyewe, kabla ya mtu wa nje kuyagusa.

Bangili zile zinatuhusu. Bibi arusi wa Gujarat na Kutch alivaa bangili za pembe, na pembe iliyopendwa kwa kazi hiyo ilikuwa ya Afrika Mashariki, kwa vile ni laini kuchonga na haipasuki upesi. Wanahistoria wa biashara ya Unguja, Profesa Abdul Sheriff akiwa mmoja wao, wamebainisha jinsi soko la pembe lilivyosimama juu ya arusi za India. Kila arusi ilidai pembe mpya, kwa sababu zile za zamani hazikurithiwa: kifo kiliziharibu. Ndovu aliyeuawa bara ya Ruvuma, na mpagazi aliyeibeba pembe yake hadi pwani, naye mara nyingine akauzwa pamoja nayo, walikuwa mwanzo wa bangili ambayo mwisho wake ulikuwa kugongwa na jiwe katika ua wa nyumba ya msiba. Mtu wa huku akisema kwamba ujane wa Kutch ni mambo ya Wahindi, na aulizwe ni nani aliyekuwa akifaidi bangili zilipovunjika. Mfanyabiashara wa Mikindani aliishi, kwa sehemu fulani, kwa kuvunjika huko. Mkewe mwenyewe alikuwa na jozi.

Sasa tumchukue mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, maana wa namna yake walikuwa wengi. Ni Mhindu wa Mandvi mwenye ghala Mikindani, na mwaka ni mmojawapo wa miaka ya 1850. Mwezi wa Desemba anashikwa na homa na kufa. Wenzake wanauchoma mwili wake kama dini yao inavyoagiza, wanafunga hesabu zake, wanaandika barua. Barua haina pa kupitia. Kaskazi inavuma, na majahazi ya Kutch ndiyo kwanza yanashuka. Hakuna linalopanda mpaka kusi iingie, Aprili au baadaye. Hata kusi ikishaingia, likikosa safari za mwanzo, bahari ya Kutch huchafuka katikati ya mwaka na bandari hufungwa, na barua itangoja mpaka Agosti au Septemba. Meli za barua za moshi zilianza kufika Unguja kwa ratiba mwaka 1872, na waya wa telegrafu mwaka 1879. Mtu wetu amekufa kabla ya hayo yote.

Kwa muda wa miezi mitano, pengine tisa, mkewe anaoga, anakaa mbele ya kioo, anakifungua kikopo, anajitia kanku. Mume hayupo duniani. Je, mwanamke huyu anasema uongo?

Jibu la haraka ni kwamba hasemi uongo kwa kuwa hajui; alama yake ni ya uongo lakini yeye hana hatia. Jibu hili lina sura ya busara, ila halifiki mbali. Linadhani kwamba kanku ni taarifa ya habari iliyochelewa kusahihishwa. Hebu tutazame anachokifanya katika miezi ile. Anahesabu siku za kurudi majahazi. Analea watoto wa marehemu kwa jina la marehemu. Anamhudumia mama mkwe. Wakati wa arusi za mtaa anaitwa, kwa kuwa ni saubhagyavati, akawatie bibi arusi alama na kuwaombea. Anakwenda, anawatia, wanaolewa, wanazaa, wanaishi. Hakuna nyumba iliyoungua kwa sababu ya kidole chake. Kisha jahazi linatia nanga, barua inasomwa, na kuanzia alasiri ile mwanamke yule yule, mwenye kidole kile kile, anakuwa mtu wa kuepukwa na bibi arusi.

Nini kilichobadilika ndani yake kati ya asubuhi na alasiri? Kifo hakikutokea siku ile. Kilitokea kaskazi ilipoanza. Ikiwa mjane ana mkosi unaoweza kumwambukiza bibi arusi, mkosi huo ulikuwa naye tangu Desemba, na kila aliyemtia alama tangu wakati huo alipaswa kuathirika. Kama ungekuwa mkosi kweli, usingesubiri barua. Nimeizungusha hoja hii kwa muda mrefu nikitafuta mlango wa kuikimbia, na sijauona. Aliyefukuzwa katika arusi hakufukuzwa na kifo. Alifukuzwa na habari, yaani na watu.

Hapa Mwislamu wa pwani atatikisa kichwa kwa kuridhika, na ana jambo la kusema. Eda ya aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi. Ndani ya muda huo mwanamke hajipambi: wanja, hina, manukato na nguo za mapambo huwekwa kando. Lakini muda una mwisho, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Tena katika suala la habari iliyochelewa, wanazuoni wengi wameshika kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya kusikia. Mke wa nahodha aliyezama, habari ikimfikia baada ya miezi sita, hana eda ya kukaa. Imekwisha pita akiwa na wanja machoni, na hakuna anayemwambia kwamba wanja ule ulikuwa dhambi. Sheria hiyo imefuata tukio, mila ya kanku ilifuata tetesi, na tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo asiridhike mno. Sheria ni kitu kimoja na midomo ya mtaani ni kitu kingine. Neno kisirani hatukuliazima kwa ajili ya Wahindi; tunalo, na tunalitumia, na aghalabu tunamtumilia mwanamke. Mume wa pili akifa mapema, hausikii watu wakimwuliza daktari kilichomuua. Wanamwangalia mke. Eda imekwisha kwa hesabu ya mwezi, lakini ipo eda nyingine isiyo na tarehe ambayo majirani huikaisha kwa macho. Na kuna jambo ambalo Mhindu, Mmakonde na Mswahili tuko sawa kabisa: mume hana kikopo cha ndoa. Hakuna unga unaompasa kujipaka kila asubuhi, na hakuna wa kumpangusa.

Mtu mwenye fikra ataniingilia hapa. Atasema kwamba alama ni lugha, na lugha si mali ya mtu mmoja. Neno mjane halibadiliki maana kwa sababu mjane fulani halipendi. Ikiwa kanku, kwa makubaliano ya mamilioni ya watu kwa karne nyingi, yamaanisha kwamba mume yu hai, basi anayejitia baada ya kufiwa anasema jambo lisilo kweli, hata moyoni mwake akusudie lililo kweli. Hoja hii ni nzito. Anayeipuuza hupuuza pia sababu iliyofanya alama ile iwe na uzito kwa mwanamke mwenyewe siku zote zile, kwa kuwa rangi isiyo na maana kwa wengine isingemfurahisha.

Ila hoja yenyewe imechukulia kwamba alama zote husema kwa namna moja. Zipo alama za kutoa habari, kama bendera inayopandishwa bandarini meli inapoingia; bendera ikiachwa baada ya meli kuondoka, ni uongo. Na zipo alama za kufunga ahadi, kama saini. Saini haiwi uongo kwa kuwa mmoja wa waliotia saini amekufa. Kanku ya siku ya arusi, iliyotiwa na mkono wa mume mbele ya mashahidi, naweza kukubali kwamba inafanana na bendera. Kanku ya asubuhi, iliyotiwa na mkono wa mke bila shahidi ila kioo, inafanana zaidi na saini, na ndiyo iliyokuwa nyingi. Watu wa Mandvi waliiona zote mbili kwa jicho moja kwa sababu rangi ni moja.

Huku kwetu uwandani tulikuwa na jibu jingine kwa swali la mwili na alama. Neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama ya taifa na ya makampuni, lilikuwa alama ya chale mwilini. Wamakonde husema dinembo. Ngozi ilichanjwa, ikatiwa mkaa wa mbarika, na michoro ikabaki hadi kaburini. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka uwanda huu mwaka 1906, aliipiga picha, na pamoja nayo akakusanya vikopo vya mti vyenye vifuniko vilivyochongwa, vya ugoro na vya dawa, ambavyo wenzake wengine pia walivibeba hadi vikajaa makumbusho ya Ulaya. Nembo haikusema kwamba huyu ana mume. Ilisema kwamba huyu amekua, na ni wa watu fulani, na huku ukoo ukifuatwa upande wa mama, watu hao hawakuwa wa mume. Akifa mume, nembo haikuwa na la kujibu. Haikuulizwa. Sisemi turejee kwenye chale: maumivu yake yalimkuta binti ambaye ridhaa yake haikutafutwa, na kukoma kwake hakunihuzunishi. Nasema kwamba ule ulikuwa mwili uliowekewa alama ambayo kifo cha mwingine hakikuweza kuifikia, na kwamba bei ya usalama huo ilikuwa kutofutika. Hina iko katikati, hufifia yenyewe baada ya wiki chache bila kumshutumu mtu. Ng'ambo ya Ruvuma wanawake wa Kimakua wana msiro, ute mweupe wa mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa usoni. Zamani ulieleza hali ya mwanamke kuhusu ndoa, na siku hizi hupakwa na apendaye kwa ajili ya ngozi nzuri. Alama ile ilipumzishwa kazi yake ya ushahidi, na hakuna aliyedhurika.

Wahindu wenyewe walilipigania jambo hili kabla yetu. Ishwar Chandra Vidyasagar, mwanazuoni wa Bengali, alichimbua maandiko ya dini yake kuthibitisha kwamba mjane aweza kuolewa, na mwaka 1856 ikapitishwa sheria ya kuruhusu ndoa hizo katika India iliyotawaliwa na Waingereza. Huko Surat mshairi Narmad (1833–1886) aliwatetea wajane kwa kalamu, na mwenyewe akaoa mjane, jambo lililomgharimu zaidi kuliko mashairi yake yote. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mwanamke aliyefiwa yu huru kuishi apendapo, na kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila yasema vingine, isipokuwa kwamba eda ya Mwislamu imelindwa. Imewafaa wajane wa makabila mengi waliokuwa wakirithiwa pamoja na mbuzi. Sheria hiyo imezifungua miguu. Juu ya paji la uso haisemi kitu, na sidhani sheria yoyote iweze.

Kilichokaribia kuweza ni kijiji. Mwezi wa Mei mwaka 2022 baraza la kijiji cha Herwad, wilaya ya Kolhapur katika jimbo la Maharashtra, lilipitisha azimio la kukomesha kumpangusa mjane kumkum, kumvunjia bangili na kumvua mangalsutra. Muda si mrefu serikali ya jimbo ikavihimiza vijiji vingine vifuate. Kinachonipendeza katika azimio lile ni wepesi wake. Halikumwamuru mjane ajipake, wala halikumwamuru asijipake. Lilikataza kupangusa, kuvunja, kuvua, vitenzi vitatu ambavyo mtendaji wake ni mtu mwingine. Kufungua kikopo na kukifunga kuliachwa, kwa kutotajwa, mikononi mwa mwenyewe. Watakuwapo watakaojitia kama zamani, watakuwapo watakaokifunga kwa hiari na huzuni yao, na haitakuwa kazi ya jirani kujua ni kwa nini.

Kikopo chenyewe hakina haja ya kuondoka nyumbani kwa vyovyote, kwa kuwa kanku ina kazi nyingine nyingi. Hutiwa kwenye sanamu za miungu katika ibada ya asubuhi, na kwenye kadi ya mwaliko wa arusi, ambayo Wagujarati huiita kankotri kwa jina la unga huo huo. Na hutiwa kwenye madaftari ya hesabu. Wakati wa Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba, mfanyabiashara wa Kigujarati hufungua daftari jipya, hulifanyia ibada, na katika ukurasa wa kwanza huandika maneno ya baraka kwa kanku. Mume ambaye hana kikopo cha ndoa, cha biashara anacho.

Kwa hiyo yule mtu wetu wa Mikindani, wiki chache kabla ya homa, alichovya kidole chake katika unga mwekundu sawa na wa mkewe, akautia kwenye karatasi. Chini yake yaliandikwa majina ya waliochukua nguo na chumvi kwa ahadi ya kuleta sandarusi, na bila shaka yalikuwamo ya watu wa huku juu. Desemba akafa. Daftari halikupanguswa. Kaskazi ya mwaka uliofuata mwanawe alishuka na jahazi, akalifungua pale pale penye doa jekundu, akaanza kudai.